Kisa cha Massachusetts: muundo wa faili na wafanyakazi wasioona

Septemba 2005 serikali ya jimbo la Massachusetts, nchini Marekani, ilitangaza kwamba kuanzia tarehe 1 Januari 2007 nyaraka za ofisi zote zilizo chini ya gavana zitahifadhiwa ama kwa PDF ama kwa OpenDocument, ule muundo wa faili zinazoishia na .odt na .ods. Kompyuta zilizoguswa na agizo hilo zilikuwa takribani 50,000. Wapenzi wa programu huria, yaani zile ambazo yeyote anaweza kuzitumia na kuzirekebisha, walilipokea kwa shangwe, Microsoft wakalipinga, na kwa wiki kadhaa ikaonekana kama mechi ya timu mbili tu. Kisha wakajitokeza watu ambao hakuna aliyekuwa amewauliza kitu. Walikuwa wafanyakazi wasioona, wenye uoni hafifu na wenye ulemavu wa mikono, pamoja na vyama vyao, wakisema wazi kwamba agizo likitekelezwa kama lilivyoandikwa, baadhi yao hawataweza tena kufanya kazi zao.

Kisa hiki husimuliwa mara nyingi kama sura moja ya ugomvi wa Microsoft na wapinzani wake. Anayekisoma hivyo anapitwa na jambo kubwa zaidi, kwa sababu ndani yake kuna swali linalozuka katika kila ofisi yenye kompyuta zaidi ya moja: ni kipi mkubwa wa ofisi ana haki ya kukiamua, na ni kipi amwachie yule aliyeketi mbele ya kompyuta? Msimamo wangu nausema mapema. Massachusetts ilikuwa na haki kuhusu faili, ikakosea kuhusu mtu, na makosa yenyewe yalikuwa ya mpangilio: iliamua kwanza, ikauliza baadaye.

Hoja ya jimbo

Serikali ya jimbo haikukurupuka. Eric Kriss, aliyekuwa waziri wa utawala na fedha chini ya Gavana Mitt Romney, na Peter Quinn, mkuu wa TEHAMA wa jimbo, walikuwa na hoja ambayo mpaka leo sioni wa kuipangua. Hati ya umma ni mali ya umma. Sheria, leseni, kumbukumbu za vikao, ramani za viwanja, vyote hivyo vinatakiwa visomeke baada ya miaka 50 au 100, na visomeke na mwananchi yeyote bila kulazimika kununua programu ya kampuni fulani. Miaka ile faili za Word zilikuwa .doc, na maelezo kamili ya jinsi zilivyojengwa ndani yalikuwa mikononi mwa kampuni iliyozitengeneza. Programu nyingine zilizozifungua zilifanya hivyo kwa kubahatisha na kujifunza kwa kuchungulia.

Yeyote aliyewahi kupeleka barua yake kwenye flashi mpaka duka la steshenari, akakuta jedwali limeruka ukurasa wa pili na nembo ya ofisi imelala juu ya anwani, anaielewa hoja hiyo bila kuelezwa zaidi. Hapo tunazungumzia barua ya siku moja. Nyaraka za mahakama na za ardhi zinadai uangalifu mkubwa kuliko huo.

OpenDocument ilikuwa jibu zuri. Shirika la viwango la OASIS liliidhinisha toleo lake la kwanza Mei 2005, maelezo yake yote yakawa hadharani, na mwaka uliofuata ikapitishwa kuwa kiwango cha kimataifa, ISO/IEC 26300. Programu zaidi ya moja ziliweza kuiandika na kuisoma, OpenOffice, programu huria ya kazi za ofisini, ikiwa maarufu kuliko zote.

Katika karatasi, jimbo halikumwamuru mtu yeyote aache programu yake. Liliamuru muundo wa faili, likasema kila mtu atumie programu anayotaka mradi faili itoke katika muundo huo. Uamuzi wa namna hiyo ndio ninaoutetea. Lakini mwaka 2005 Microsoft Office haikuweza kufungua wala kuandika OpenDocument, na Microsoft walisema hawana mpango wa kuiongeza. Kwa hiyo agizo lililosema "muundo wowote wazi, programu yoyote" lilipofika mezani kwa karani lilimaanisha kitu kimoja: acha Word. Walioandika agizo walikuwa wameshika kanuni. Aliyelipokea ofisini alikuwa ameshika kibodi, na kibodi yake ilikuwa imezoea Word.

Mezani kwa mfanyakazi asiyeona

Ili kuelewa uzito wa jambo, inafaa kusogea karibu na kuangalia mtu asiyeona anavyofanya kazi kwenye kompyuta. Hana haja na kipanya. Masikioni ana vipokea sauti, na ndani ya kompyuta kuna kisoma skrini, programu inayotamka yaliyopo kwenye kioo. Iliyokuwa imeenea kuliko zote maofisini mwaka 2005 ni JAWS. Iliasisiwa na Ted Henter, mwendesha pikipiki za mashindano aliyepoteza uwezo wa kuona katika ajali ya gari mwaka 1978, akajifunza kompyuta, na mwaka 1989 kampuni yake ikatoa toleo la kwanza kwa ajili ya DOS, mfumo wa kompyuta uliotangulia Windows. Leseni moja ya toleo la Windows iligharimu takribani dola 1,000 za Marekani, na ilifanya kazi kwenye Windows peke yake.

Mtumiaji wa JAWS anabonyeza Insert na T, anatajiwa jina la dirisha alilomo. Anabonyeza Insert na mshale wa chini, hati inaanza kusomwa mpaka mwisho. Insert na F inamwambia fonti, ukubwa wake na kama maandishi yamekolezwa, jambo la lazima kwa mtu anayetayarisha barua rasmi ambayo yeye mwenyewe hataiona. Kuna mikato ya kupitia vichwa vya habari, ya kujua yuko safu ipi ya jedwali, ya kusikiliza maoni ambayo bosi ameacha pembeni mwa hati. Mzoefu ameiharakisha sauti kiasi kwamba mwenye kuona akisimama nyuma yake husikia mchanganyiko wa sauti tu, huku yeye anasahihisha tahajia bila kusita.

Wepesi huo unategemea kisoma skrini kupata taarifa kutoka ndani ya programu inayotumika. Hapa lazima kuwe na makubaliano kati ya pande mbili: programu ya kuandikia iseme "hapa pana kichwa cha habari, hapa pana kitufe, kishale kiko neno hili", na kisoma skrini kijue kuipokea taarifa hiyo. JAWS na Word vilikuwa vimezoeana kwa takribani miaka 10. JAWS iliingia moja kwa moja katika mfumo wa ndani wa Word na kuuliza inachokitaka. Zaidi ya hapo, JAWS ina lugha yake ya hati-amri, yaani maelekezo mafupi yanayoifundisha programu la kufanya, na wakufunzi na wataalamu maofisini walikuwa wameandika hati-amri za kuifanya ielewe hata programu ndogondogo za idara. OpenOffice kwenye Windows ilitoa taarifa zake kupitia daraja la Java, programu ya kati ya kupitisha taarifa, lililokuwa zito na lenye mapengo, na JAWS haikulisoma vizuri. Upande wa Linux, mfumo huria unaotumika badala ya Windows, kulikuwa na visoma skrini vichanga, lakini kumhamishia huko mfanyakazi wa serikali aliyeizoea JAWS ilikuwa sawa na kumwanzisha kazi upya.

Kwa mwenye kuona, kuhama kutoka Word kwenda OpenOffice ni wiki chache za kutafuta vitufe vilikohamia. Kwa mtumiaji wa JAWS mwaka 2005 ilikuwa kupoteza uwezo wa kusahihisha hati, na katika kazi ya ofisini hilo lina maana ya kupoteza kazi yenyewe. Wenye uoni hafifu waliotegemea programu za kukuza maandishi, na wasioweza kutumia mikono waliotegemea programu za kuandika kwa kuongea, walikuwa katika hali hiyohiyo.

Ukimtazama mtu huyo kwa mbali utaona mfanyakazi mmoja zaidi aliyeng'ang'ania Microsoft. Sababu yake haionekani kwenye fomu ya manunuzi wala kwenye orodha ya leseni. Njia pekee ya kuijua ni kumuuliza.

Jambo ambalo jimbo lilikuwa limelisahau

Kinachonisikitisha zaidi ni kwamba yote haya yalitokea Massachusetts. Jimbo hilo ndilo lenye shule ya Perkins, iliyoanzishwa mwaka 1829 na kuwa shule ya kwanza ya wasioona nchini Marekani. Helen Keller alisoma hapo. Mashine ya kuandikia nukta nundu inayoitwa Perkins ilizaliwa humo mwaka 1951, na imefika mpaka shule za wasioona Kenya, Tanzania na Uganda, ambako vizazi vya wanafunzi vimeigonga vitufe vyake sita. Tume ya jimbo ya wasioona imekuwapo tangu 1906.

Na kulikuwa na tukio la karibu zaidi, la miaka 10 tu nyuma. Katikati ya miaka ya 1990 ofisi zilipokuwa zinahama kutoka DOS kwenda Windows, wasioona walipata pigo. DOS ilikuwa maandishi matupu na visoma skrini viliimudu. Windows ilikuja na picha, madirisha na vitufe vya kubofya, na visoma skrini vikapotea njia. Wafanyakazi waliokuwa wepesi kwenye DOS wakajikuta wamekaa mbele ya kompyuta isiyosema. Wakati huo aliyekuwa mkuu wa tume ya wasioona ya Massachusetts, Charles Crawford, aliibana Microsoft kwa kutumia mfuko wa manunuzi wa jimbo: Windows 95 isipofanywa itumike na wasioona, jimbo halitainunua. Shinikizo hilo ni sehemu ya sababu za Microsoft kutengeneza Active Accessibility, iliyotoka mwaka 1997, ile njia ya programu kujieleza kwa kisoma skrini.

Fikiria basi hali ya mfanyakazi wa serikali asiyeona mwaka 2005. Alikuwa ameyumbishwa mara moja na Windows, akajifunza upya, jimbo lake likampigania, chombo kikatulia mkononi. Sasa jimbo hilohilo, kwa sababu nzuri kabisa, linamwambia ahame tena, safari hii bila kuwa limempigania kwanza. Hofu yake ilikuwa kumbukumbu ya jambo lililokwisha kumtokea.

Kelele, na watu waliopotea ndani yake

Tarehe 31 Oktoba 2005 Seneta Marc Pacheco aliendesha kikao cha bunge la jimbo kusikiliza pande zote. Vyama vya watu wenye ulemavu vilikuja vikasema. Hawakusema kwamba OpenDocument ni mbaya, wala hawakuomba .doc ibaki milele. Waliomba jimbo lisiwahamishe kabla vyombo vyao havijaweza kufanya kazi mahali wanapopelekwa.

Jinsi walivyopokelewa na baadhi ya watetezi wa programu huria ni sehemu ya kisa ambayo siwezi kuipita haraka, kwa sababu mimi mwenyewe naipenda programu huria na naitumia kila siku. Waliambiwa wanatumiwa na Microsoft. Waliambiwa wangoje kidogo, programu itaboreshwa. Waliambiwa tatizo ni la JAWS, si la OpenOffice, kwa hiyo wakailalamikie kampuni ya JAWS. Katika hilo la mwisho kulikuwa na ukweli wa kiufundi, ila halikumsaidia mtu ambaye Jumatatu asubuhi anatakiwa awe amemaliza ripoti. Upande wa pili nao haukuwa safi. Waliokuwa wanalipinga agizo kwa sababu zao za kibiashara walilikumbatia suala la wasioona ghafla, kana kwamba ndilo lililokuwa likiwakosesha usingizi siku zote.

Pande zote mbili zilifanya kosa moja: zilimchukua mtu mwenye sababu zake zinazoeleweka zikamgeuza jiwe la kumpigia mpinzani. Sioni dharau kubwa kuliko kumwambia mtu kwamba chombo anachokitumia kila siku hakukichagua kwa akili yake, kwamba yupo aliyemchagulia na yeye hajui. Kuna watu wameichagua Word wakijua kabisa mapungufu yake, kwa sababu ndiyo iliyowapa mshahara. Uchaguzi huo una heshima sawa na wa yule aliyeichagua OpenOffice kwa ajili ya uhuru.

Mengine yalikwenda haraka. Kriss alikuwa ameshaondoka serikalini mwaka huohuo. Novemba gazeti la Boston Globe liliandika kuhusu safari za Quinn za kwenda kwenye mikutano. Uchunguzi wa jimbo haukumkuta na kosa, lakini alichoka na vurugu, mwisho wa Desemba akatangaza kujiuzulu. Kamati ya Pacheco nayo ilitoa ripoti mwaka 2006, ikilaumu namna uamuzi ulivyofikiwa.

Louis Gutierrez na njia ya tatu

Aliyechukua nafasi ya Quinn mwanzoni mwa 2006 ni Louis Gutierrez, na mimi namwona ndiye mtu wa kujifunza kwake katika kisa kizima. Hakulifuta agizo, na hakulitetea kwa kichwa ngumu. Alikaa na vyama vya watu wenye ulemavu, akaweka wazi kwamba hakuna atakayelazimishwa kuhama kabla ya vyombo vyake kuwa tayari, kisha akageuza swali. Mwanzoni swali lilikuwa: tutawahamishaje watu 50,000 kutoka Word? Yeye akauliza: je, tunaweza kupata OpenDocument bila kumhamisha mtu?

Mei 2006 jimbo likatoa ombi la taarifa kwa watengenezaji: nani anaweza kutuletea programu-jalizi ya kuongezwa ndani ya Microsoft Office, ili mtu aandike kwenye Word ileile anayoijua, na akibonyeza kuhifadhi, faili itoke kama OpenDocument? Watengenezaji kadhaa wakajitokeza, Sun Microsystems wakiwa miongoni mwao. Agosti 2006 Gutierrez akaviandikia vyama vya watu wenye ulemavu kwamba hiyo ndiyo njia itakayofuatwa kwa wakati huo, na kwamba ofisi zitaingia kwa awamu.

Programu-jalizi si kitu cha kujivunia sana kiufundi. Inatafsiri muundo mmoja kwenda mwingine, na kila tafsiri ya namna hiyo hudondosha kitu njiani: rangi ya jedwali, nafasi ya picha, namba ya tanbihi. Watetezi wengi wa OpenDocument waliiona kama kurudi nyuma. Mimi naiona kama mahali pekee katika kisa hiki ambapo mpaka ulichorwa panapostahili. Jimbo lilishika kilicho chake, yaani faili inayokwenda kwenye hifadhi ya umma na kwa mwananchi. Mfanyakazi akashika kilicho chake, yaani kibodi, sauti ya masikioni na mikato ambayo vidole vimeikariri. Mwenye kuona aliyetaka OpenOffice aliweza kuitumia, na mwenye JAWS akabaki na Word. Na faili zao zingekutana katika muundo mmoja.

Gutierrez naye hakudumu. Oktoba 2006 alijiuzulu, akieleza kwamba bunge la jimbo halikuipa idara yake fedha za miradi iliyokuwa inaendelea. Tarehe 1 Agosti 2007, chini ya utawala mpya, jimbo likatoa toleo jipya la mwongozo wake wa TEHAMA, likaukubali pia muundo mpya wa Microsoft, Open XML, ambao wakati huo ulikuwa umeidhinishwa na shirika la viwango la Ecma. Wengi walisema hapo ndipo Massachusetts ilipoinua mikono. Siwalaumu wanaosema hivyo. Muundo ule ulikuja kwa maelezo ya maelfu ya kurasa, na ulitengenezwa kwanza kabisa kwa ajili ya programu moja. Hata hivyo, ikumbukwe kwamba kabla ya purukushani hii Microsoft hawakuwa wameupeleka muundo wao kwenye shirika lolote la viwango.

Nilivyokipima kisa hiki

Kuna wanaosema kwamba idadi ya wafanyakazi wasioona ilikuwa ndogo, kwa hiyo wangewekwa pembeni kama kundi la pekee: wengine wote wahame, wao waachiwe Word. Wazo hilo lilijadiliwa, na juu juu linaonekana la upole. Shida yake ni kwamba kazi ya ofisini inafanywa kwa kupeana faili. Mwenzako akikuletea rasimu ya .odt na programu yako haiifungui, umeachiwa chombo chako lakini umetolewa mezani. Mtu akihitaji mwenzake amgeuzie kila faili kabla ya kuisoma, baada ya miezi miwili hakuna atakayekumbuka kumtumia. Kwa hiyo kuheshimu uchaguzi wa mtu hakuishii kwenye kumwachia programu yake. Lazima na faili zinazozunguka ofisini ziwe zinafunguka kwenye programu hiyo. Hapo ndipo muundo wazi unapokuwa rafiki wa aliyeng'ang'ania chombo chake, wala si adui yake, na ninasikitika kwamba mwaka 2005 hakuna aliyemwelezea hivyo.

Kama Kriss na Quinn wangeanza kwa miezi mitatu ya kuzunguka ofisini na kuuliza kila idara nani anatumia nini na kwa nini, wangewakuta watu wa JAWS kabla ya kuandika agizo. Wangeweza kuwachukua wawe wenzao wa kudai. Jimbo lililoibana Microsoft mwaka 1995 lingeweza kuzibana kampuni zote mwaka 2005: Microsoft kwa upande wa muundo, watengenezaji wa OpenOffice na wa JAWS kwa upande wa kuelewana. Badala yake watu wenye hoja mbili ambazo hazikugongana kabisa wakasimamishwa pande mbili za ukumbi.

Uingereza ilipofanya uamuzi wa aina hii Julai 2014, serikali yake ilitaja OpenDocument kuwa muundo wa nyaraka za kushirikiana kuhariri, na PDF au HTML (muundo wa kurasa za wavuti) kwa za kusoma tu. Haikutaja programu. Kufikia wakati huo Microsoft Office ilikuwa imeanza kuandika OpenDocument yenyewe, tangu Aprili 2009, kwa hiyo agizo la muundo lilikuwa kweli agizo la muundo, na mtu aliendelea na alichokizoea.

Kwetu Afrika Mashariki sura ya tatizo ni tofauti kidogo. Ofisi nyingi zinatumia Microsoft Office, nyingine za kununua, nyingine za kunakili, na siku moja mkuu wa TEHAMA anapata agizo la kupunguza gharama. Mwishoni mwa wiki anaondoa Office, anaweka LibreOffice, programu huria iliyotokana na OpenOffice, Jumatatu watu wanakuta kompyuta ngeni. Mhasibu ana jedwali lenye makro, yaani amri za kufanya hesabu zenyewe, alizojengewa na mtu aliyeshahama. Katibu muhtasi ana violezo vya barua vya miaka mingi. Kinyume chake pia hutokea: kijana anayefanya kazi vizuri kwenye Linux analazimishwa kuja Windows kwa sababu tu "sote tunatumia hii", wakati faili anazotoa zinafunguka kwa kila mtu bila shida. Naomba mafundi wenzangu wayatazame yote mawili kama kosa moja. Ukihitaji faili za namna fulani, taja faili. Ukihitaji usalama, taja masharti ya usalama. Ukitaja programu, uwe umeshakaa na mtu anayeiacha, ukamwona akifanya kazi yake kuanzia mwanzo mpaka mwisho, na ukajua atakachokipoteza. Na ikiwa ofisini kuna mtu anayetumia kisoma skrini, mashine yake iwe ya mwisho kuguswa, na iguswe yeye akiwepo.

Siku hizi mtu huyo ana nafasi zaidi ya ile ya 2005. Mwaka 2006 kijana wa Australia asiyeona, Michael Curran, alianza kuandika NVDA, kisoma skrini huria kinachopakuliwa bure, na leo wasioona wengi ambao wasingeweza kulipa dola 1,000 wanakitumia. Kinaweza kusoma hata Kiswahili kwa kutumia sauti za eSpeak NG. Desemba 2006 IBM nao walitoa bure IAccessible2, njia bora zaidi ya programu kujieleza kwa kisoma skrini, ambayo baadaye LibreOffice na OpenOffice kwenye Windows ziliichukua badala ya daraja la Java.

OpenDocument yenyewe haikubaki ilivyokuwa. Mwanzoni mwa 2006, baada ya malalamiko ya Massachusetts, OASIS iliunda kamati ndogo ya kuupitia muundo huo kwa macho ya mtumiaji mwenye ulemavu, ikiongozwa na Peter Korn wa Sun na Richard Schwerdtfeger wa IBM. Walikuta mapengo ambayo wasanifu wake hawakuyaona. Toleo la 1.1, lililoidhinishwa Februari 2007, likayaziba: picha na sehemu zake ziweze kubeba maelezo ya maneno, maelezo ya chini ya picha yafungamane na picha yenyewe, majedwali katika mawasilisho yawe na vichwa vinavyotambulika. Waliongeza pia alama inayohifadhi mahali ukurasa unapokatika, hata pale ambapo mwandishi hakukata mwenyewe, ili mwenyekiti wa kikao akisema tufungue ukurasa wa saba, asiyeona naye aufikie ukurasa uleule walioufungua wenzake.